Conan, malkia Bêlit na Afrika ya kubuni

Wapo wanaosema vitabu vya katuni ni mambo ya watoto. Hao hawajasoma Conan the Barbarian, mfululizo wa hadithi za panga na uchawi ambao kampuni ya Marvel ya New York iliutoa kuanzia Oktoba 1970 hadi 1993, matoleo 275 kwa jumla.

Conan mwenyewe si mtoto wa Marvel. Alibuniwa na Robert E. Howard wa Texas, aliyeanza kuchapisha visa vyake katika jarida la Weird Tales mwaka 1932 na kufariki mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu. Marvel ilimpa Roy Thomas kazi ya kuandika, na Barry Smith, Mwingereza wa miaka 21, kazi ya kuchora.

Toleo la kwanza ni la kawaida mno. Conan amevikwa kofia ya pembe utadhani anakwenda ngomani. Lakini fungua toleo la 4, la mwaka 1971. Conan, mwizi kijana, anapanda mnara kuiba kito. Ndani anamkuta kiumbe mwenye kichwa cha tembo, kipofu, aliyeteswa miaka na miaka na mchawi Yara. Na Yara huyo alifunzwa uchawi na kiumbe huyohuyo! Mfungwa anamwomba mwizi amuue. Habari ya mtu kumtesa aliyemfunza kazi, sisi tuliokimbia kwetu hatuhitaji mkalimani.

Smith aliondoka baada ya toleo la 24, mwaka 1973, akiwa amekwisha kutuletea Red Sonja. Akaingia John Buscema, na Conan akanenepa misuli.

Sasa tufike penye mgogoro. Kuanzia toleo la 58 hadi la 100, mwaka 1979, Conan anasafiri na Bêlit, malkia wa Pwani Nyeusi. Mapenzi yao yameandikwa vizuri, na kifo chake katika toleo la 100 kinaumiza kweli. Lakini tazama mabaharia wake: wanaume weusi wanaomwabudu mwanamke mweupe kama mungu, wanakufa ukurasa baada ya ukurasa, na wachache tu ndio wenye majina. Howard aliipanga hivyo mwaka 1934, na Thomas, pamoja na kuongeza mengi yake, hakuuondoa mhimili huo. Kweli alimleta Zula, mpiganaji mweusi mwenye akili, katika toleo la 84. Mmoja.

Aliyejibu kwa vitendo ni Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada. Mwaka 1981 kilitoka kitabu chake Imaro, cha shujaa mweusi aliyelelewa na wafugaji waua simba ambao Mmasai yeyote atawatambua. Bara lake la kubuni aliliita Nyumbani. Ndiyo, kwa Kiswahili hiki chetu! Wachapishaji wakambandika jina la Tarzan mweusi kwenye jalada, warithi wa mwandishi wa Tarzan wakatishia mahakama, na kitabu kikachelewa kutoka. Saunders alifariki mwaka 2020.

Anayetaka kuanza aanze na toleo la 4, aruke hadi la 24, kisha la 100. Imaro akiweke karibu, akisome baada ya Bêlit.