Magugu-maji ya Bwawa la Nairobi

Mgeni akisimama Kibera upande wa Lang'ata na kutazama chini, huenda akadhani anaona malisho ya ng'ombe. Kumbe ni bwawa! Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka wa 1953 ili mji uwe na maji ya akiba. Zamani watu walivua samaki humo na kushindana kwa mashua za tanga. Kisha magugu-maji yakalifunika.

Wengi wetu huyalaani magugu haya bila kuyaelewa. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na yaliletwa Afrika kwa ajili ya maua yake mazuri ya zambarau. Hayahitaji udongo. Huelea tu, na mizizi yake iliyo kama manyoya hunyonya naitrojeni na fosforasi kutoka majini. Hapo ndipo sisi tunapoingia. Mto Motoine huanzia pande za Dagoretti, si mbali na kwa wenzetu wa Kawangware, ukapita Kibera ukibeba maji ya vyoo, sabuni na takataka. Kwa mmea huu hiyo ni mbolea tupu! Yakishiba, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. (Na msitulaumu bure wa Kibera: ploti nyingi hazina choo chake.)

Hata hivyo, si mimea yote ya majini iliyo mibaya. Mafunjo na matete ya ukingoni huzuia matope, huchuja uchafu na kuwapa samaki wadogo maficho. Hata magugu-maji husafisha maji kiasi. Taabu huanza yanapofunika kila mahali: mwanga haupenyi, hewa majini hupungua, samaki hufa. Yakifia humo humo huoza na kurudisha mbolea ile ile, na tope huzidi kupanda. Si ajabu watu wamelima nduma mahali palipokuwa na maji.

Katika Ziwa Viktoria, miaka ya 1990, waliletwa fukusi wanaokula mmea huu, nao wakasaidia. Kwetu yameng'olewa mara kadhaa, yakarudi. Mbegu zake huishi topeni miaka mingi, na mto haujaacha kuyalisha. Kwa maoni yangu, kuyang'oa bila kujenga vyoo na mabomba ya maji machafu ni kama kunyoa nywele.

Yanayong'olewa nayo yasiachwe ukingoni, mvua itayarudisha. Mafundi wa Kisumu huyakausha wakafuma vikapu na viti. Mboji pia hutoka, lakini ya bwawa letu nisingeitia kwenye sukuma wiki kabla haijapimwa, maana mizizi ile hunyonya hata madini ya sumu kama risasi.