Barabara ya kulipia: Nani atabeba tozo ya tenga la nyanya kutoka Magole?

NYANYA hazisubiri. Tenga lililofungwa Magole jioni linatakiwa kufika soko la Ilala au Mabibo jijini Dar es Salaam kabla ya alfajiri, wanunuzi wa rejareja wakiwa bado sokoni. Likifika saa nne asubuhi bei imeshashuka, na zile za chini zimeanza kutoa maji. Dalali hahitaji maelezo ya foleni ya Mlandizi. Anakata bei tu.

Kutoka Magole, wilayani Kilosa, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 250. Gari linapita Morogoro, mizani ya Mikese, Chalinze, mizani ya Vigwaza, Mlandizi na Kibaha. Kuanzia Chalinze, magari ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha yanaungana na yale ya Dodoma, Iringa, Mbeya na ya nchi jirani. Lori moja likiharibika katikati ya barabara, mamia ya magari yanasimama nyuma yake.

Ndiyo maana mpango wa barabara ya haraka ya kulipia unamhusu mkulima wa Magole, ingawa hauanzii kijijini kwake. Awamu ya kwanza iliyopangwa na Serikali kupitia Wakala wa Barabara (TANROADS) ni ya njia nne kutoka Kibaha hadi Chalinze, kilomita 78.9, na baadaye barabara hiyo iendelee hadi Morogoro. Ujenzi ni wa ubia: mwekezaji anatafuta fedha, anajenga, anakusanya tozo kwa miaka ya mkataba, kisha anaikabidhi barabara kwa Serikali. Ya zamani inabaki kwa asiyetaka kulipa.

Upande wa mjini kazi ilishafanyika. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kilipanuliwa kwa fedha za Serikali kuanzia mwaka 2018, na hakina tozo. Lakini hakikuja bure kwa kila mtu: mwaka 2017 nyumba na maduka mengi yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kati ya Kimara na Kiluvya yalibomolewa.

Swali la mkulima ni nani atakayelipa. Kwenye risiti ni mwenye gari. Kwenye hesabu ya sokoni mambo ni mengine, maana nauli hutozwa kwa tenga au kwa gunia, na gharama yoyote ya njiani huongezwa humo.

Tuchukue mfano wa kufikirika, si kiwango kilichotangazwa. Fuso likitozwa Sh20,000 na limebeba matenga 100, kila tenga linabeba Sh200. Likiwa na matenga 40, kila tenga linabeba Sh500. Tozo za namna hii hupangwa kwa aina ya gari wala si kwa thamani ya mzigo. Mkulima anayepakia peke yake, gari likiwa nusu tupu, ndiye atakayeumia kuliko wote. Wanaokusanya mzigo pamoja hawataiona sana.

Zao nalo lina uamuzi wake. Kwa nyanya, saa mbili zikiokolewa zinaweza kulipa tozo na chenji ikabaki. Mahindi na mpunga havina haraka hiyo. Gunia halipotezi thamani kwa kulala Chalinze. Mfanyabiashara wa nafaka atakayekubali kupandishiwa nauli kwa sababu ya barabara ya haraka atakuwa amenunua kitu asichokihitaji.

Uzoefu upo. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016 kwa ubia wa Serikali na NSSF, lilianza na tozo zilizolalamikiwa na wakazi kwa miaka. Mwaka 2022 zilipunguzwa, na ukawekwa utaratibu wa kulipia kwa siku, wiki au mwezi. Hilo la mwisho lingemfaa sana mwenye gari la mazao anayekwenda Dar es Salaam mara tatu kwa wiki.

Nairobi kuna funzo jingine. Barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation, ilianza kutumika mwaka 2022. Gari dogo lililipa shilingi 360 za Kenya kwa safari nzima. Kuanzia Januari 2024 ikawa 500, sababu mojawapo ikiwa kushuka kwa thamani ya shilingi. Mkopo ukiwa wa dola, mpita njia ndiye anayebeba hatari ya dola. Kwa hiyo kipengele cha kupandisha tozo kwenye mkataba kina uzito kuliko kiwango cha siku ya uzinduzi.

Wauza matunda na mama lishe wa kandokando nao wana lao. Barabara ya haraka haina kusimama ovyo. Gari hutoka kwenye maungio maalumu tu. Maungio yanawekwa wapi ni suala la kuulizia sasa, michoro ikiwa bado karatasini.

Hata hivyo, barabara hiyo haigusi tatizo la kwanza la Magole. Januari 2014 mafuriko ya Mto Mkundi yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma eneo la Dumila, familia nyingi zikakosa makazi na magari yakakwama pande zote mbili. Na masika yakikolea, njia ya kutoka shambani hadi kwenye lami inaweza kula muda wote uliookolewa kati ya Chalinze na Kibaha.

Madereva wengi wa nyanya husafiri usiku, na usiku wa manane barabara ya zamani inaweza kupitika vizuri. Mwenye gari mwerevu huenda akalipia siku za kuelekea sikukuu tu, siku nyingine akapita bure. Mkulima apatane naye hivyo hivyo: nauli ya kawaida iwe moja, na tozo iongezwe kwa risiti siku gari lilipopita huko kweli.