Namba za nyota na reli: Si kila moja ni ya kubonyeza

WAKULIMA na wafanyabiashara wengi wadogo wana ukurasa wa mwisho wa daftari la mauzo ambako wameandika namba fupi zinazoanza na nyota na kuishia na reli: ya kutuma pesa, ya kuangalia salio, ya kununua kifurushi. Ukurasa huo ni mali. Tatizo ni kwamba wengi huandika namba tu, bila kuandika kazi yake, na hapo ndipo matapeli hupata mwanya.

Watengenezaji wa programu za kompyuta nao huweka madaftari ya aina hiyo, yaliyojaa amri fupi wanazozihitaji kila siku. Katika kompyuta za Linux, amri ya herufi mbili tu, rm, hufuta faili moja kwa moja bila kulipitisha kwenye kapu la taka. Ndiyo maana mtaalamu makini haandiki amri asiyoijua kazi yake, hata akipewa na rafiki.

Nyota na reli nazo ni amri, na ziko za aina mbili.

Ya kwanza ni ile ya huduma, kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania. Ukiibonyeza, ombi lako huenda kwenye kompyuta ya kampuni, nayo hurudisha orodha ya kuchagua. Haihitaji intaneti, hivyo simu ya kitochi inatosha. Ujumbe mmoja hauzidi herufi 182, na ndiyo sababu maneno ya orodha hizo hukatwakatwa.

Nyuma yake yupo mtaalamu aliyeandika majibu hayo. Katika mfumo wa Africa's Talking ya Nairobi, kwa mfano, jibu likianza na neno CON mazungumzo huendelea, na likianza na END hufungwa. Mazungumzo hayo hayasubiri. Ukichelewa kuchagua, au mtandao ukikatika, hufungwa yenyewe. Anayelipia mbolea na kukatikiwa njiani aangalie salio na ujumbe wa uthibitisho kabla ya kurudia, asije akalipa mara mbili.

Aina ya pili ni amri kwa simu yenyewe au kwa mtandao, na hizi ni zilezile karibu dunia nzima. *#06# huonyesha namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Watanzania wengi waliijua mwaka 2016, simu bandia zilipozimwa.

Ya kuogopwa ni *21* ikifuatiwa na namba ya simu ya mtu, kisha reli. Hiyo huelekeza simu zako zote zinazoingia kwenda kwa mtu huyo. Tapeli hupiga akijifanya ofisa wa kampuni ya simu, akadai laini ina hitilafu au umeshinda zawadi, kisha akakusomea namba ya kubonyeza. Pesa haziondoki hapo hapo, kwa kuwa kutoa kunahitaji namba ya siri. Lakini mteja anayempigia muuza mchele kuulizia gunia kumi anapokewa na mwizi, ambaye humwambia atume malipo ya awali. Mwenye mchele atashangaa tu kwamba siku nzima simu haijaita.

Kuangalia kama umeelekezwa, bonyeza *#21#. Kuondoa, bonyeza ##21#, au ##002# ambayo hufuta uelekezaji wa kila aina, ukiwamo ule wa simu inapokuwa na mtu au imezimwa.

Kwa Tanzania, *106# humsaidia mtu kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda 15040.

Aidha, atakayeiandika *21* daftarini kwake aandike na ##21# pembeni yake, kwa kalamu nyekundu kama anayo.