Je, Wajua? Mraba Mmoja wa Ramani ya Mapigano Una Futi Ngapi?

Je, wajua kwamba mapigano ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani mwaka 1974, hupiganwa juu ya karatasi yenye miraba kama ya daftari la hesabu? Kila mchezaji ana mhusika wake, dadi zinarushwa, na mwendesha mchezo anasimulia kilichotokea. Upanga ukichomolewa tu, ramani inatandazwa, na kila mraba wa inchi 1 unahesabiwa kuwa futi 5 za ardhi.

Je, wajua kwamba hapo awali inchi hiyo moja ilikuwa na vipimo viwili? Gary Gygax na Dave Arneson, waasisi wa mchezo, walirithi hesabu ya inchi kutoka Chainmail, kanuni za vita vya sanamu zilizochapishwa mwaka 1971. Ukiwa chini ya ardhi, inchi 1 ni futi 10. Ukitoka nje, inchi ileile ni yadi 10, yaani mara tatu. Mpiga upinde aliyevuka mlango wa pango alipata masafa mara tatu kwa upinde uleule! Uchawi nao ulifika mbali zaidi nje, lakini ukubwa wa mlipuko wake ulibaki kuhesabiwa kwa futi, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kilitilia mkazo jambo hilo. Piga hesabu uone kwa nini: nusukipenyo kikiongezwa mara tatu, eneo linaongezeka mara tisa. Mchawi mmoja angeteketeza kikosi kizima kabla ya staftahi.

Mwaka 1979 kikaja kipimo kingine, safari hii katika kitabu cha mwendesha mchezo: sanamu zikiwekwa mezani, mraba 1 ni futi 3 na theluthi moja, ili korido ya futi 10 ipitishe wapiganaji watatu bega kwa bega. Futi 5 kwa wote, ndani na nje, zilikuja kushika mizizi na toleo la tatu la mwaka 2000.

Je, wajua kwamba inchi 1 kwa futi 5 ni skeli ya 1:60? Mtu wa mita 1.7 anakuwa na kimo cha milimita 28, na hicho ndicho kimo cha sanamu nyingi zinazouzwa. Sanamu na sakafu zinakubaliana. Fanya kila mraba uwe futi 10, na sanamu ileile inageuka jitu la karibu mita 3.4. Wachezaji wengi hufumba macho, na sioni ubaya wowote.

Matoleo ya Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano yaliziacha futi yakaweka mita 1.5 kwa mraba. Kwetu tuliosomeshwa mita hiyo ndiyo njia ya kufuata. Binadamu wa kawaida mchezoni huenda mita 9 kwa raundi, yaani miraba 6, na raundi ni sekunde 6. Mraba mmoja kwa sekunde! Ni kilomita 5.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi daladala lakini hataki kuonekana anakimbia.

Sasa tufike penye utamu. Je, wajua kwamba upinde mrefu wa toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, unafika futi 600? Hiyo ni miraba 120, inchi 120, zaidi ya mita 3 za meza. Nani ana meza hiyo? Kwa hiyo mapigano yanayochezwa kwenye ramani ya kawaida huanza adui akiwa tayari puani, na mwenye upinde analipia silaha ambayo hapati kuitumia ipasavyo. Badilisha skeli, mraba uwe futi 30, na masafa yote hayo yanakaa katika takriban nusu mita. Lakini tazama kinachotokea upande wa pili: mwenye upanga sasa anasogea mraba mmoja tu kwa raundi, wapiganaji wanane wanarundikana ndani ya mraba mmoja, na tufe la moto lenye kipenyo cha futi 40 halijazi hata miraba miwili. Nani kasimama mlangoni, nani kamzingira nani, yote hayo yanapotea. Kwa maoni yangu skeli kubwa inafaa kwa kukimbizana, mizinga na merikebu, kisha wapiganaji wakikutana ana kwa ana ramani nyingine itandazwe kwa futi 5. Kuzichanganya katika raundi moja ni kutafuta ugomvi mezani.

Ukikuza ardhi, kuza na saa. Mraba wa futi 30 na raundi ya dakika 1 humpa mtembeaji yuleyule miraba 10. Ila kumbuka: katika dakika hiyo atapiga mara kumi, si mara moja. Wengi husahau hapo.

Je, wajua kwamba mshazari unaiba? Ukivuka mraba wa mita 1.5 kutoka pembe hadi pembe, umetembea mita 2.1. Toleo la tano, kwa kanuni yake ya kawaida, linakuhesabia mita 1.5 tu, kwa hiyo anayekimbia kimshazari anapata ziada ya asilimia 41 bure. Pathfinder, mchezo wa mwaka 2009, hutoza futi 5 kwa mshazari wa kwanza, 10 kwa wa pili, 5 kwa wa tatu, na kuendelea hivyo. Kwa futi 30 unapata mishazari minne, na umbali halisi ni futi 28 na kidogo. Hesabu safi, ingawa inachosha ikifika saa sita za usiku.

Toleo la nne la mwaka 2008 liliamua mshazari ni hatua moja, basi. Matokeo yake tufe la moto likawa mraba wa 7 kwa 7: moto wenye pembe nne.

Pembesita hazina tatizo hilo, kwa kuwa majirani wote sita wako mbali sawa. Kampuni ya Avalon Hill ilizitumia kwenye michezo yake ya vita tangu mwaka 1961, na mchezo wa GURPS wa mwaka 1986 unahesabu kila pembesita kuwa yadi 1. Kero yake ni nyumba: ukuta ulionyooka unazikata pembesita nusu nusu.

Je, wajua kwamba mapango ya The Keep on the Borderlands, kitabu cha mwaka 1979, yamechorwa kwa futi 10 kwa mraba? Ukiyachezea kwa futi 5 bila kuyakuza, kila chumba kinabaki robo ya eneo lake. Dawa ni kugawa kila mraba kuwa minne. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi: picha yenye miraba ya pikseli 140 iwekee mistari ya pikseli 70, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa mraba kwenye tovuti ya michezo ya Roll20, wala mchoro hauguswi. Halafu kagua milango. Mlango uliojaza mraba wa futi 10 una upana wa mita 3, na hapo inapita lori.

Muda mrefu kabla ya hayo yote, maafisa wa Prussia walikuwa wakicheza vita juu ya ramani ya 1:8000 tangu mwaka 1824, kwa kanuni za luteni von Reisswitz. Zamu moja ilikuwa dakika 2. Mtembeaji wetu wa mita 1.5 kwa sekunde angesogea sentimita 2 na robo.

Na BattleTech, mchezo wa maroboti makubwa ya vita? Pembesita yake moja ni mita 30, na bunduki ya rashasha hufika pembesita 3. Mita 90! Ni silaha ya karne nyingi zijazo, lakini wabunifu walitaka maroboti yaonane.