Daktari rubani wa Ol Molog aliyewaachia wakulima hesabu ya kugawana gharama

Kwa wafanyabiashara wa Kwa Sadala, katika barabara kuu ya Moshi–Arusha, ndege inayoshuka kuelekea Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro si jambo geni. Wengi huiona kuwa ni usafiri wa watalii na wenye fedha, usiomhusu muuza ndizi wala mkulima wa maharage.

Lakini mwaka 1956, katika miteremko ya mlima huu huu, madaktari watatu waliifikiria ndege kwa namna nyingine. Waliiona kama chombo cha kumfikia mgonjwa wa kijijini asiye na barabara, simu wala nauli.

Mmoja wao alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa daktari wa upasuaji, rubani, mwandishi wa vitabu na mkulima wa Ol Molog, eneo la kaskazini-magharibi mwa mlima ambalo leo limo Wilaya ya Longido. Alifariki dunia mwaka 1987. Hata hivyo, hesabu aliyoiacha bado inamfaa mkulima wa Hai, Siha na kwingineko.

Wenzake wawili walikuwa Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, alipata sifa kwa kuwatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na Wood alijifunza kwake. Mwaka 1957 mpango wao ulizaa shirika ambalo baadaye lilijulikana kama AMREF, lenye makao Nairobi, na madaktari wake wa ndege wakawa wanarukia Uwanja wa Wilson.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi ilifunguliwa mwaka 1971. Kabla ya hapo, na mbali zaidi katika nyika za Tanganyika na Kenya, hospitali nyingi za misheni zilikuwa na daktari mmoja tu wa kufanya kila kitu. Daktari bingwa alikuwa mjini, na mgonjwa alikuwa mamia ya kilomita kutoka hapo.

Hapa ndipo penye somo la uchumi. Hakuna hospitali ya kijijini iliyoweza kumwajiri bingwa peke yake, wala kununua ndege. Gharama ingeizidi nguvu, na bingwa angekaa siku nyingi bila kazi inayolingana na ujuzi wake.

Dawa ilikuwa ni kugawana. Bingwa mmoja na ndege moja ndogo walihudumia hospitali nyingi kwa zamu. Redio za mawasiliano ziliziunganisha hospitali hizo na Nairobi. Kazi ya kijiji ilikuwa kutunza kiwanja cha majani na kuwaondoa mifugo ndege inapokuja.

Jambo lililofanya mpango huo ufanye kazi ni ratiba. Siku ya daktari ikijulikana mapema, wagonjwa hukusanywa, vifaa huandaliwa, na safari moja ya ndege hugawanywa kwa wagonjwa wengi. Ndege ikija bila taarifa, mafuta ni yale yale lakini wanaonufaika ni wachache.

Jambo la pili ni kuacha ujuzi. Bingwa alipofanya upasuaji, daktari wa hapo alisimama naye na kujifunza. AMREF pia ilichapisha vitabu vya mwongozo kwa wahudumu wa afya vijijini, ili ndege inapoondoka, maarifa yabaki.

Waliofuata njia hiyo ni wengi. Anne Spoerry, daktari Mfaransa aliyejifunza urubani akiwa na umri wa miaka 45, aliwahudumia watu wa kaskazini mwa Kenya na pwani ya Lamu kwa miongo kadhaa, akaitwa Mama Daktari hadi alipofariki mwaka 1999.

Wood mwenyewe aliandika juu ya kazi hiyo katika vitabu viwili, "Go an Extra Mile" cha mwaka 1978 na "Different Drums" cha mwaka 1987.

Si vema kumpamba marehemu kupita kiasi. Wood alikuwa mlowezi, na mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa katika ardhi ambayo wenyeji walikuwa na kilio nacho. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashamba mengi ya aina hiyo katika ukanda wa West Kilimanjaro yalitaifishwa.

Lakini aliona pia kwamba kumtibu mtu halafu kumrudisha kwenye njaa ni kazi nusu. Mwaka 1985, wakati Ethiopia ikiwa katika baa la njaa, yeye na David Campbell walianzisha shirika la FARM-Africa kwa ajili ya wakulima wadogo na wafugaji.

Shirika hilo limejulikana sana kwa mradi wa mbuzi wa maziwa wa Meru, Kenya, na limefanya kazi Babati na Mbulu hapa Tanzania. Katika mradi wa Meru, madume ya Toggenburg yalipandishwa kwa mbuzi wa kienyeji, na dume likatunzwa kwa niaba ya kikundi. Wanakijiji waliochaguliwa walifundishwa huduma za awali za afya ya mifugo.

Msomaji ataona kwamba hesabu ni ile ile. Dume la mbuzi kwa kikundi ni kama ndege kwa hospitali za vijijini: ni ghali kwa mmoja, ni rahisi kwa wengi.

Tuchukue mfano. Tuseme dume bora linauzwa shilingi 400,000. Mkulima mwenye majike wawili akilinunua peke yake, gharama ni shilingi 200,000 kwa kila jike, na bado atalilisha mwaka mzima. Kikundi cha watu 20 wenye majike wawili kila mmoja kitalipa shilingi 10,000 kwa jike. Kwa mwenye kihamba kidogo anayekata majani na kuyabeba kutoka tambarare, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atafuga au ataacha.

Chanjo ya kideri ni vivyo hivyo. Chupa moja ina dozi nyingi na haifai kuwekwa muda mrefu ikishachanganywa. Mwenye kuku 10 akiinunua peke yake, sehemu kubwa humwagwa. Jirani 15 wakipanga siku moja, chupa inakwisha na kila mmoja analipa kidogo.

Hata hivyo, vikundi vingi huvunjika, na mara nyingi sababu si umaskini. Hakuna siku maalumu, hakuna daftari, na hakuna aliyefundishwa kazi. Dume likikaa kijiji kimoja kupita miaka miwili hivi, litaanza kupanda mabinti zake na kizazi kudhoofika. Lazima libadilishane na la kijiji kingine, na bila kumbukumbu jambo hilo haliwezekani.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, kabla ya kuchanga fedha kwa ajili ya dume, pampu au mashine ya kukoboa, kikundi kijibu maswali matatu. Huduma itatolewa siku zipi? Nani ataandika na kusoma hesabu mbele ya wote? Nani atafundishwa kazi ili mtaalamu akiondoka isisimame?

Yakijibiwa vizuri, mchango utarudi. Yasipojibiwa, ni afadhali fedha hizo zibaki mfukoni.