Paka na Panya Walezi, Malipo Yao Fagio

Hapana shaka wasomaji wengi wa ukurasa huu wanamfahamu Tom, yule paka mwenye hila, na Jerry, yule panya mdogo asiyekamatika. Lakini ni wachache wanaoijua picha iliyofunga mfululizo wao uliotengenezwa na William Hanna na Joseph Barbera katika kampuni ya MGM, huko Hollywood. Inaitwa Tot Watchers, nayo ilitolewa mwaka 1958. Haimalizi hata dakika saba. Oscar zote saba walizopata Tom na Jerry zilikwenda kwa picha za kabla yake, lakini mimi binafsi naiweka mbele ya nyingi kati ya hizo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mama anatoka nyumbani na kumwachia mtoto wake msichana aitwaye Jeannie. Mama akishaondoka, Jeannie anashika simu na kuanza soga zisizokwisha. Mtoto naye anateremka kwenye kigari chake na kutambaa aendako. Tom na Jerry wako katikati ya ugomvi wao wa kila siku, wanamwona, wanaacha kupigana na kumrudisha. Anatoka tena. Wanamrudisha tena. Safari moja anaingia katika kibanda cha mbwa Spike, Tom anaingiza mkono kumtoa, kumbe amemshika Spike mwenyewe! Kipigo anachokipata hakisemeki.

Tom anakasirika, anambeba mtoto mpaka kwa Jeannie. Malipo yake? Fagio la kichwa. Jeannie anadhani paka ndiye anayemsumbua mtoto! Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na hapa yanampata paka.

Sasa Tom anaapa kutojali. Lakini mtoto anavuka barabara na kuingia kwenye mjengo wa ghorofa refu, akawa anatambaa juu ya boriti za chuma huko angani. Wale mahasimu wawili wanamkimbilia bila kukumbuka fagio wala uadui wao.

Hapo ndipo skrini pana inapofanya kazi. Picha hii ilichorwa kwa mtindo wa CinemaScope, ulioletwa na kampuni ya 20th Century Fox mwaka 1953 kwa sinema ya The Robe. Lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien iliibana picha pana ikaenea kwenye filamu ya kawaida, na lenzi nyingine katika mashine ya kuonyeshea ikaifungua tena, hata upana wake ukapita kimo mara mbili na zaidi. Shabaha ilikuwa kuwavuta watu waliokuwa wamebaki nyumbani wakitazama televisheni. Tom na Jerry waliingia katika upana huo mwaka 1954, kwa picha ya Pet Peeve. Na kitu gani kinachofaa skrini ndefu kuliko boriti ndefu? Mtazamaji anauona umbali uliobaki kati ya mtoto na waokoaji wake, anacheka huku roho iko juu.

Wengi wetu tuliiona kwa televisheni za zamani, zenye kioo kinachokaribia mraba. Ili picha ijae humo, mara nyingi ilikatwa kando, na zaidi ya thuluthi moja ikapotea. Mtu aliyeiona hivyo aliona mbio, lakini umbali wenyewe hakuuona.

Kuna simu nyingine katika habari hii, nayo haichekeshi. Mnamo 1957 wakuu wa MGM waliona kwamba kuzitoa upya katuni za zamani kulileta fedha karibu sawa na kutengeneza mpya. Wakaifunga idara ya katuni. Barbera alisimulia baadaye kwamba amri hiyo iliwafikia kwa simu. Watu waliokuwa wameifanya kazi hiyo tangu 1940, wakailetea kampuni tuzo baada ya tuzo, walimwagwa kwa maneno machache. Tot Watchers ilipofika kwenye majumba ya sinema, nyumba iliyoizaa ilikuwa imekwisha kufungwa. Hanna na Barbera walianzisha kampuni yao wenyewe, na chakula chao wakakipata katika ile ile televisheni iliyokuwa adui wa skrini pana. Huko ndiko walikotengeneza The Flintstones, mwaka 1960.

Ndiyo maana siwezi kulitazama lile fagio nikacheka tu. Anayefanya kazi ya mwenzake kwa moyo safi ndiye anayepigwa, na aliyeiacha kazi yake ndiye anayesadikiwa. Mwishoni Tom na Jerry wanamrudisha mtoto, wamechoka hoi, na askari anawakamata kama wezi wa watoto! Ndani ya gari la polisi anaidharau hadithi yao ya mtoto kutambaa mpaka kwenye mjengo. Hajamaliza kudharau, mtoto huyo anapita kando ya gari, anatambaa zake.

Msomaji akiipata kwa upana wake wote, na aitazame pamoja na watoto wa nyumbani. Simu na ziwekwe kando kwa dakika hizo chache.