Dogo Yuko Kidato cha Pili? Kaeni Naye Sasa

Masomo anayochagua akiwa na miaka kumi na tano ndiyo yatakayoamua anaomba chuo gani akifika kumi na tisa. Na kama anaishi kwenu, hilo ni jambo la ninyi wawili.

Mmeoana juzijuzi, mmepanga nyumba Sakina au Njiro, na kila asubuhi wote mnawahi kazini. Chumba cha pili hakijapata mtoto bado, ila tayari kina mwenyewe: mdogo wa mume, au mdogo wa mke, aliyeletwa na wazazi "asome mjini". Hapa Arusha nyumba za namna hii ziko nyingi, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River. Mnamlipia michango, mnamnunulia madaftari, jioni mnamuuliza kama amekula na kama amesoma. Mnaona mmemaliza.

Bado. Kuna swali ambalo wengi tunalichelewesha mpaka limejijibu lenyewe: mwakani dogo anachukua masomo gani?

Mlango unaofungwa bila kelele

Mwisho wa kidato cha pili kuna upimaji wa taifa unaoendeshwa na NECTA. Wengi tunauona kama mtihani wa kuvuka tu, akipita tunashukuru Mungu tunaendelea na mengine. Lakini kidato cha tatu ndipo njia zinapoanza kugawanyika: huyu sayansi, yule sanaa, mwingine biashara. Katika mtaala ambao wengi wetu tulisoma, Fizikia na Kemia zilikuwa za lazima miaka miwili ya mwanzo tu. Baada ya hapo mwanafunzi aliweza kuziacha. Na Fizikia ukishaiacha, kuirudia si mchezo.

Sasa hivi mambo yamebadilika kidogo. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kuingia shuleni kwa awamu tangu 2024, na sekondari ina mikondo miwili: elimu ya jumla na mafunzo ya amali. Kwa hiyo usimshauri dogo kwa kumbukumbu za enzi zako. Nenda shuleni, muulize mwalimu wa taaluma: huyu yuko mtaala gani, masomo gani ni ya lazima, yapi ni ya kuchagua, na je, shule ina mwalimu wa Fizikia na maabara inayofanya kazi kweli? Somo lililoandikwa kwenye ratiba bila mwalimu halimsaidii mtu.

Kinachosikitisha ni sababu zinazotumika kuchagua. Mmoja anamfuata rafiki yake. Mwingine anamkimbia mwalimu wa Hisabati mwenye fimbo. Binti anaambiwa Fizikia ni ya wavulana, anaamini. Na yupo yule anayesukumwa sayansi kwa sababu ukoo unataka daktari, wakati kila ripoti inaonyesha Historia na Kiswahili ndiko anakong'aa.

Hesabu kuanzia mwisho

Njia rahisi ni kuanza na kazi anayoitamani, halafu mrudi nyuma hatua kwa hatua hadi kidato cha pili.

Anataka udaktari? Vyuo vikuu vinataka amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha sita, zote tatu. Maana yake ni tahasusi ya PCB, au "kombi" kama wenyewe wanavyoita. Na ili apate PCB, lazima awe na masomo hayo kidato cha nne. Akiacha Fizikia akiingia kidato cha tatu, ameuacha udaktari kwa njia hiyo, hata kama hakuna aliyemwambia.

Uhandisi? Hapo ni Fizikia na Hisabati, na PCM ndiyo kombi inayozoeleka.

Uhasibu, benki, uchumi? EGM au ECA, na Hisabati ndiyo roho ya yote. Mtoto anayesema "mimi nachukua biashara kwa sababu sipendi hesabu" anahitaji mtu wa kumweka chini.

Sheria, uandishi wa habari, diplomasia? HGL, HKL na ndugu zake. Hapa Kiingereza chake kiwe cha kueleweka, si cha kubahatisha.

Chaguo zimeongezeka pia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kuwa tahasusi za kidato cha tano zimepanda kutoka 16 hadi 65, zikiwemo za lugha, michezo na sanaa. Kwa mtoto wa Arusha hilo lina maana yake. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Kongo imejiunga tangu 2022, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iko hapahapa. Anayejua Kifaransa vizuri hana haja ya kuchekwa.

Halafu kuna alama. Kwenda kidato cha tano anatakiwa awe na C tatu au zaidi kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, na C inaanzia 45. Kwa shahada, kigezo cha chini cha kawaida ni ufaulu wa masomo mawili kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Hicho ni cha chini tu. Kozi zenye ushindani hudai zaidi ya hapo.

Si lazima apite kidato cha tano

Hapa ndipo kiburi cha wakubwa kinapoingia. Dogo akienda chuo cha ufundi, wengine nyumbani wanaona kama ameshindwa. Si kweli. Kwa ufaulu wa D nne kidato cha nne, bila dini, mtu anaweza kuanza cheti na kupanda hadi stashahada, kisha shahada. Ila kila kozi ina masomo yake inayoyataka, kwa hiyo uchaguzi wa kidato cha pili unamfuata huku pia.

Bahati nzuri huhitaji kwenda Dar kumwonyesha. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza 1978, kiko hapa mjini na kinafundisha uhandisi. Njiro kuna Chuo cha Uhasibu, na VETA wana chuo chao cha hoteli na utalii. Ukipanda upande wa Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Meru, kuna Chuo cha Misitu Olmotonyi. Tengeru kuna kilimo cha bustani, mifugo na maendeleo ya jamii, na huko huko kuna Taasisi ya Nelson Mandela inayosomesha shahada za uzamili na uzamivu za sayansi. Ukisogea mbele kidogo unakuta Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, ambako hata muziki unasomewa shahada.

Jumamosi moja pandeni Hiace mkaone viwili. Kijana akiona wenzake wamevaa ovaroli wanapima barabara, au wako shambani na vitalu vya nyanya, anapata maswali ambayo hayapati darasani.

Ninyi wawili kwanza

Kabla hamjamwita dogo, elewaneni chumbani. Ugomvi wa nyumba nyingi hauanzi na mtoto kusomeshwa. Unaanza pale mmoja anapoamua peke yake na mwenzake anashtukia hela imeshatoka. Elewaneni mambo matatu.

Kiasi. Shule za serikali hazina ada: kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare, nauli, chakula na tuisheni havijafutwa. Andikeni kiasi mnachoweza kila mwezi bila kukopa.

Mwisho wake. Mnamsomesha hadi kidato cha nne? Cha sita? Hadi chuo? Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha wanafunzi wa elimu ya juu tangu 2005, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 ilianza kukopesha pia stashahada kwenye fani za kipaumbele. Mkopo si wa uhakika kwa kila mtu, kwa hiyo msiufanye mpango pekee.

Nani anaongea naye. Usishangae kama ukweli ataambiwa shemeji na si kaka yake. Kaka anaogopwa, shem anasikiliza wakati wanamenya ndizi jikoni. Basi mpe mwenzako nafasi hiyo, usimkatize na "huyu ni mdogo wangu, niachie mimi". Na wewe uliyekaribishwa kwenye siri, usiigeuze silaha siku mkikorofishana. Maneno kama "mdogo wako huyo anatumalizia hela" mtoto huyasikia hata mlango ukiwa umefungwa.

Wazazi nyumbani wapigiwe simu mapema pia. Hata kama gharama ni zenu, heshima ya kuulizwa ni yao.

Kikao cha saa moja

Mkishakubaliana, mwiteni. TV izimwe, simu ziwekwe pembeni.

1. Mezani ziwepo ripoti zake zote tangu kidato cha kwanza. Angalieni somo linalopanda na linaloshuka, si wastani peke yake.

2. Mwulizeni anapenda nini kabla hamjasema mnachotaka. Kisha mwulizeni kwa nini. "Mwalimu ananifokea" si sababu ya kuacha somo. Ni sababu ya kwenda kuonana na mwalimu.

3. Andikeni kazi tatu anazozifikiria, na mbele ya kila moja masomo inayoyadai. Somo linalojitokeza mara mbili au tatu, hilo haliachwi. Mara nyingi litakuwa Hisabati.

4. Kagueni cheti cha kuzaliwa. Majina yafanane herufi kwa herufi na yale ya usajili wa mitihani. Siku ya kuomba mkopo, cheti hicho kitatakiwa kuhakikiwa na RITA, na tofauti ya herufi moja inaweza kumzungusha wiki nzima.

5. Kama somo analolihitaji ndilo linalomshinda, pangeni msaada kabla ya kupanga kuliacha. Tuisheni ya somo moja, vipindi viwili kwa wiki, inasaidia kuliko tuisheni ya masomo tisa anayolala humo.

Akibadilisha mawazo baada ya mwaka, msimcheke. Na ninyi mlibadilisha. Kikubwa ni kwamba siku hiyo bado awe na masomo yanayomruhusu kubadilisha. Kwa hiyo msisubiri matokeo ya Januari ndipo muanze kuulizana. Mwezi huu, pangeni siku ya kwenda kumwona mwalimu wa taaluma, na mmoja wenu aombe ruhusa kazini.